Kitu cha Kwanza Atakachokiona

Jumapili alasiri, mwalimu wa udereva alimpa baba mkwe wake simu mpya. Aliitoa kwenye boksi yeye mwenyewe, akabandua ile karatasi ya juu ya kioo, akaiweka kwenye kiganja cha mzee na kumfumbisha vidole juu yake, kimoja baada ya kingine.

"Shika, baba. Kioo chake kipana kama sahani."

"Mimi na simu za kioo wapi na wapi?" Mzee alicheka. "Hii ya vitufe yenyewe napiga kwa kubahatisha. Juzi nimempigia muuza gesi nikidhani ni dada yangu. Tumesalimiana, tumeulizana habari za watoto, mpaka mwisho ndiyo ananiuliza, mzee, mtungi mkubwa au mdogo?"

"Hiyo ni sasa. Ukishapasuliwa jicho na kufunguliwa je? Utaona kila kitu. Nitakutumia picha."

"Picha za nini?"

"Za familia," mwalimu alisema, akamtazama mkewe.

Mkewe alikuwa kando ya jiko, anaosha vikombe. Aliendelea kukisugua kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Mzee alikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na moja, katika bohari la mabomba na vifaa vya maji. Mtaani walimwita Stoo, na hata mjumbe wa nyumba kumi alipomwandikia barua aliandika hivyo hivyo. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, kwanza kama ukungu, kisha kama pazia. Kwa miaka miwili sasa alitofautisha mlango na dirisha kwa mwanga tu. Kila Jumapili mkwewe alimjia, akaketi kwenye stuli, akamsomea gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo. Alimsomea pia barua za pensheni, na ujumbe wa simu, ukiwamo ule aliotumiwa na binti yake mwenyewe.

"Mkwe kama huyu," mzee aliwaambia majirani, "wengine wanamtafuta kwa tochi. Mimi amekuja mwenyewe."

Majirani waliitikia. Mwalimu alikuwa mtu mpole. Waliofundishwa naye walisema kwamba hata ukigonga nguzo hapandishi sauti.

Wakati wa kurudi nyumbani, mke ndiye aliyeendesha. Ilikuwa kawaida yao. Gari lilikuwa la shule ya udereva, lenye breki mbili: moja ya dereva, nyingine upande wa mwalimu. Mumewe alikaa kwenye kiti chake cha kazi, mguu juu ya breki ya pili, vioo vimepandishwa.

"Unajua baba yako atakachokiona kwanza akifunguliwa bandeji?"

Mke alibadili gia.

"Wewe. Vile ulivyo kule bafuni. Wewe ndiwe utakuwa kitu cha kwanza."

Alikanyaga breki polepole, na gari likasimama katikati ya barabara ingawa mke alikuwa bado amekanyaga mafuta. La nyuma likapiga honi.

"Kesho uanze tena kunitumia picha, kila saa, kama zamani. Mwisho wa mwezi uage kazini, pale dukani, ukae nyumbani. Hapo sitakuwa na sababu ya kumsumbua mzee." Aliinua mguu. "Haya, twende. Angalia kioo cha pembeni kwanza."

Hakuwahi kuandika neno la namna hiyo mahali popote. Ungeisoma simu yake, ungekuta "umekula?", "umefika salama?" na "nakupenda".

Yote yalianza na saa ya ukutani.

Mke alikuwa fundi wa miwani. Alikaa chumba cha nyuma cha duka, kwenye mashine ya kusaga lenzi, akizipunguza kingo mpaka zikae sawasawa ndani ya fremu. Mwaka wao wa kwanza, mumewe alimwomba picha moja kwa siku, uso wake na saa ya ukutani nyuma yake. Alisema anapenda kumwona akiwa kazini. Mke alifurahi, akapaka na mafuta ya midomo. Baadaye zikawa mbili, kisha kila saa, na picha ikichelewa dakika tano simu iliita. Mume aliposafiri kwa wiki tatu za mafunzo, alitaka pia picha ya mlango uliofungwa kwa ndani, halafu ya kitanda, halafu ya bafuni, ili aone kama kweli yuko peke yake. Mke aliiegemeza simu kwenye kisahani cha sabuni, akajipiga. Alikuwa amechoka, na alitaka kulala bila kugombana.

Picha za namna hiyo zilikuwa kumi na moja. Tisa alizipiga mwenyewe. Mbili hakuzijua mpaka alipoonyeshwa, na katika hizo alikuwa amelala usingizi. Idadi aliijua kwa sababu mumewe alimpitisha zote siku moja, akitelezesha kidole, bila kusema kitu.

Dukani hawakujua ila picha za saa.

"Dada, wewe unapigwa picha kuliko bibi harusi," alisema muuza fremu, mwanamke wa mdomo mrefu na roho nyepesi. "Wangu mimi ukimwuliza mke wako ana macho ya rangi gani, anaomba apewe siku mbili akafikirie."

Wote walicheka, na fundi naye akacheka.

Wiki tatu nyuma, saa ya picha ilikuwa imemkuta na lenzi kwenye jiwe la kusagia. Aliinua simu kwa mkono wa kushoto, akatabasamu, na mkono wa kulia ukasukuma mbele kidogo tu. Lenzi ilisagika ikapita alama. Mwenye miwani alikuwa mama mmoja aliyesubiri tangu asubuhi, na alipoambiwa arudi baada ya siku nne alikaa kwenye benchi akaanza kulia kimya kimya, kwani alikuwa ametoka mbali. Mwenye duka aliiweka lenzi iliyoharibika mezani mbele ya fundi.

"Simu au jiwe. Chagua."

Fundi alichagua jiwe. Tangu saa hiyo hakutuma picha tena, na kwa wiki tatu mumewe hakusema lolote. Alikuwa anatafuta simu ya kumnunulia mzee.

Jumanne asubuhi hospitali ilipiga.

"Mgonjwa wetu wa jicho la kulia," alisema karani. "Alhamisi aje hajala kitu. Ijumaa saa tatu tunamfungua."

Fundi alitazama mlango wa chumba cha nyuma. Ulikuwa wazi, na nje muuza fremu alikuwa anamshikia mteja kioo.

"Mpeni mtu mwingine hiyo nafasi," alisema.

"Mama, umenisikia vizuri? Mmesubiri miezi saba. Nyingine ni baada ya miezi minne."

"Nimesikia."

Mazungumzo hayakuchukua dakika moja. Alimaliza lenzi iliyokuwa mkononi, akaitia kwenye fremu, akatoka kumvisha mteja, mtu wa makamo aliyevaa koti kubwa. Alimwelekeza kwenye ubao wa herufi. Mteja alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akateremka mpaka ule wa mwisho ambao hata fundi mwenyewe huusoma kwa kukodoa macho, akageuka na kumpa mkono. "Mungu akuzidishie, binti," alisema. "Umenirudisha duniani."

Jioni alipitia kwa baba yake. Mfuko ulikuwa tayari mlangoni, ukingoja siku itajwe: taulo, kandambili, mswaki, shati lililopigwa pasi. Shati alikuwa amelipiga mwenyewe, na kola ilikuwa na alama ya kuungua kidogo, mahali asipoweza kupaona.

"Wameahirisha, baba. Miezi minne."

"Kuna nini?"

"Mashine imeharibika."

Mzee alicheka pumzi moja ya puani. "Mashine zina siku zake. Bohari letu mzani uliwahi kufa mwezi mzima, tukawa tunapima misumari kwa mkono." Aliubeba mfuko, akaurudisha chini ya kitanda kwa kupapasa. "Miezi minne naiweza. Mkwe ndiye atakayesikitika. Jana kanipigia mara mbili kuuliza ni lini."

Akammiminia chai. Alitumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue chai imefika wapi, kama alivyozoea. Chai ilipanda ikamfikia. Hakukitoa kidole haraka. Alikiacha hapo mpaka alipohakikisha kikombe kimejaa, akakisukuma kuelekea alipodhani binti yake ameketi.

Fundi alikitazama kile kidole. Kilikuwa chekundu, ngozi yake imekakamaa kama ya mpishi. Alijiuliza ni tangu lini.

"Mbona hunywi?"

"Nakunywa, baba."

Jumatano alimwomba mwenye duka nusu siku, akaenda kituo cha polisi. Alisubiri kwenye benchi pamoja na mwanamume aliyeibiwa baiskeli. Meza ya mapokezi haikuwa na pazia wala kizuizi. Ukisema jambo lako, wenye baiskeli wanalisikia.

"Picha za namna gani?" aliuliza askari wa zamu, kalamu juu ya daftari.

Alimweleza kwa sauti ndogo.

"Ongeza sauti, mama."

Akaongeza. Mwenye baiskeli akainamia viatu vyake.

"Ulijipiga mwenyewe?"

"Tisa. Mbili alinipiga nikiwa usingizini."

"Ni mume wako wa ndoa?"

"Ndiyo."

"Amemtumia nani?"

"Bado. Anasema atamtumia baba yangu."

"Anasema wapi? Nionyeshe alipoandika."

"Haandiki. Anasema tukiwa kwenye gari."

Askari aliiweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na mafua. "Sasa hapo mama mimi nitaandika nini? Kwamba mume amesema? Akija hapa atasema hajasema, na mimi nitabaki na ninyi wawili mezani." Alipenga kamasi, akakunja leso. "Akituma, uje. Uje na simu iliyopokea. Usifute, usimtumie mtu, usiiguse. Na uandike saa zilipoingia. Hapo nitakuwa na kitu cha kushika."

"Kwa hiyo ningoje atume."

"Sikusema ungoje. Nimesema akituma."

Kutoka hapo mpaka kwa baba yake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alitembea, ingawa nauli alikuwa nayo. Kama kungekuwa na mtu wa kumwambia, angemwambia njiani. Mama yake alikuwa amefariki, muuza fremu alikuwa na mdomo mrefu, na marafiki wa zamani alikuwa ameacha kuwapokelea simu mmoja mmoja kila mume alipouliza, huyu naye anataka nini?

Baba yake alikuwa ameketi kitandani, redio imezimwa.

"Hatua zako," alisema. "Mbona saa hizi? Umefukuzwa kazi?"

"Mashine haijaharibika, baba. Mimi ndiye niliyewaambia wampe mtu mwingine nafasi yako."

Akaeleza yote, amesimama mlangoni. Hakulia. Alitaja saa ya ukutani, safari ya mumewe, kisahani cha sabuni, kumi na moja, breki. Alieleza simu ilinunuliwa kwa kazi gani. Ilikuwa pale kwenye rafu, ndani ya boksi lake, na mzee alikuwa ameifunika kitambaa ili isiingie vumbi.

Mzee aligeuza uso upande wa sauti yake.

"Ulimpa wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mwanamke mzima, na akili zako."

"Ndiyo, baba."

"Nenda kwako," alisema. "Nenda, niache kidogo."

"Kwangu ni kwake."

Mzee aligeukia ukutani. Fundi akatoka, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Mwanamke wa chumba cha pili alikuja kuanua nguo, akamsalimia, akamwuliza habari za mwalimu. "Mzima," alijibu. "Msalimie sana. Akipata nafasi naye anifundishe, nimechoka kutembea." Fundi alisema atamwambia. Jua lilihama kutoka magotini mwake mpaka kwenye vidole vya miguu. Ndani hakukuwa na sauti, hata ya redio, na alifikiri kwamba mumewe amefanikiwa bila kutuma hata picha moja.

Kisha kitanda kikalia, na sauti ya baba yake ikatoka kupitia mlango uliorudishiwa nusu.

"Nilipokuwa stoo, kuna mwaka yalipotea mabomba. Mengi. Wakubwa walikuja, wakakaa siku mbili wanayachunguza yaliyobaki, yana kutu au hayana. Nikawaambia, wazee, kitu kikitoka bila saini, anayeulizwa ni aliyekitoa. Bomba haliulizwi." Alikohoa. "Nimekuuliza wewe. Nilikosea."

Fundi hakugeuka. Alihofia kwamba akigeuka itambidi aongee.

"Kuna godoro chini ya kitanda," mzee alisema. "Ule mfuko wangu utoe kwanza."

Walipokwisha kunywa chai, iliyomiminwa na binti safari hii, mzee aliuliza polisi wamesemaje. Akaambiwa. Alitaka maneno ya askari kama yalivyosemwa, akayarudia kwa mpangilio: simu iliyopokea, usifute, usiiguse, saa.

"Huyo anajua kazi," alisema. "Lakini si mimi wa kuamua. Zikija kwenye simu yangu, zimekuja. Hata nisipotazama, utajua kwamba ziko mfukoni mwa baba yako, na askari atazifungua. Unaweza?"

Fundi alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba mzee alinyoosha mkono kuhakikisha bado yupo.

"Atazituma siku yoyote, baba. Mwaka huu au ujao. Nataka nijue ni siku gani."

"Basi nipigie hao wa hospitali."

Karani alipokea simu kwa mlio wa pili. "Jicho la kulia? Sijakufuta bado," alisema. "Watu huwa wanaogopa, halafu wanapiga tena. Kesho asije amekula."

Mzee alichukua simu yake ya zamani, akapapasa vitufe, na safari hii hakumpata muuza gesi. "Mkwe wangu," alisema. "Mashine imepona! Kesho napasuliwa. Ijumaa saa tatu asubuhi nafunguliwa. Mkeo huyu nimemzuia hapa anihudumie. Na ile laini naihamishia leo kwenye simu yako mpya, niikute tayari." Alisikiliza. "Ahsante. Ahsante sana, mwalimu."

Alipokata, alishikilia simu kifuani. "Jumapili nitakuwa sina wa kunisomea gazeti," alisema, bila kumwambia mtu hasa.

Usiku binti alilala kwenye godoro chini, baba juu. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake hajalala.

Ijumaa, wodi ya macho ilikuwa na wagonjwa sita waliokaa kwa mstari, kila mmoja na bandeji upande mmoja, kila mmoja na ndugu amesimama nyuma ya kiti. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya mlango. Simu mpya ilikuwa mezani mbele ya mzee, kioo kimelazwa chini.

Saa tatu kamili simu haikulia. Nesi alianzia upande wa pili. Mgonjwa wa kwanza alifunguliwa, akasema, "Eh, nesi, kumbe u mfupi hivi," na wodi nzima ikacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa anaitazama simu kama lenzi iliyo kwenye jiwe, pale inapobaki unywele mmoja kufika alama.

Zamu ya mzee ilipofika, nesi alibandua plasta. "Fumbua polepole, baba."

"Subiri," mzee alisema, jicho limefumbwa. "Mwanangu yuko wapi?"

"Niko nyuma yako."

"Njoo mbele. Nesi, nakuomba usogee kidogo, usiwe kati."

Simu ilitetemeka juu ya meza. Ikatulia, ikatetemeka tena. Ilisogea yenyewe kidogo kidogo kwenye bati la meza, na mgonjwa wa pembeni akasema, "Mzee, una wapenzi wengi leo." Fundi alihesabu. Tano. Sita. Miguu yake ilitaka kuondoka, naye akaizuia. Alisimama mbele ya kiti cha baba yake, mikono chini, mahali alipoambiwa asimame.

Mzee alifumbua jicho. Lilikuwa jekundu, lenye machozi, na lilitafuta kwanza juu, kisha chini, mpaka lilipompata. Likakaa hapo. Miaka miwili halikuwa limemwona. Lilipita kwenye paji la uso, kwenye mashavu, kwenye mifupa ya shingo inayotokeza juu ya kola, likarudi usoni.

"Umekonda," alisema.

Fundi alipandisha kola yake.

Simu ilitetemeka mara ya kumi na moja, ikanyamaza. Mzee hakuitazama. Aliinua uso mpaka kwenye saa iliyo juu ya mlango, akakaza jicho kama mtu anayesoma kibandiko cha boksi lililo rafu ya juu kabisa.

"Saa tatu na dakika kumi na nne," alisema. "Andika."

Fundi aligeuka, akatazama saa. Ilikuwa sahihi. Alichukua kadi ya hospitali, akaomba kalamu kwa nesi, akaandika.